Simu ilisema dakika 45, tope likasema kesho

Kutoka Nairobi hadi Bungoma ni kama kilomita 400. Hizo zote tulizimeza na muziki, njugu karanga na stori za mtaa. Zilizotushinda ni zile chache za mwisho, ambazo binamu yangu aliziita "hapo tu".

Kama umekulia mjini unaijua hiyo "hapo tu". Ukishapita Nakuru, ukapita Eldoret, mwili unaanza kuamini safari imeisha. Unavua viatu, unalegeza mkanda, unaanza kuuliza kuna chakula gani huko tunakoenda. Sasa hapo ndipo barabara inakushika.

Hii ni stori ya Agosti 2024. Naiandika kwa sababu naona vile mabeshte wanapanga safari kwenye magrupu: watu watano, gari la kuazima, hela za mafuta zimechangwa, na mtu mmoja ameambiwa "wewe shika ramani". Mwaka huo aliyeshika ramani ni mimi.

Kilichotupeleka huko hakikuwa raha. Kukhu, yaani nyanya kwa Kibukusu, alikuwa amefiwa na mdogo wake. Marehemu aliolewa upande wa Saboti, Trans Nzoia, chini ya Mlima Elgon. Mazishi yalikuwa Jumamosi, na wazee wa boma lile walikuwa wameshatoa ratiba: saa nane mchana jeneza linashuka, kabla mvua haijaanza. Kukhu anakaribia miaka 80 na anaishi Bungoma. Kazi yetu ilikuwa moja: tutoke Nairobi Ijumaa alfajiri, tumchukue, tumfikishe Saboti jioni hiyo hiyo ili alale kwenye matanga usiku mmoja na dadake.

Kwenye simu alitupa maagizo mawili tu. "Njooni mapema. Na mpite barabara kubwa."

Hatukufuata hata moja.

Tuliogopa mahali pamoja, tukadharau pengine

Niseme ukweli, binamu yangu si dereva mbaya. Ukimwona kwenye mteremko wa Salgaa ungemsifu. Mikono yote miwili kwenye usukani, gia ya chini, hakuna kupita trela ovyo. Tulipofika Sachang'wan hata alizima redio. Sisi sote tulikua tukisikia habari za pale, jinsi mnamo Januari 31, 2009 lori la mafuta lilivyoanguka, watu wakakimbilia kuchota petroli, halafu moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Timboroa tulipata ukungu, akawasha taa na kwenda polepole kama anayebeba mayai.

Kumbe tulikuwa tunaheshimu barabara kwa sababu ya jina lake. Barabara isiyo na jina kwenye habari hatukuwa na habari nayo.

Tulipofika Webuye, rafiki yetu mpiga picha akasema hatuwezi kupita hapo bila kuona maporomoko ya Nabuyole. Dakika kumi, alisema. Zikawa saa moja na nusu. Picha zilitoka fiti, sikatai. Lakini tulifika Bungoma saa tisa badala ya saa saba, na tukamkuta Kukhu ameketi kwenye kiti cha mbao mlangoni, amevaa sweta na viatu vya safari, mkoba uko magotini. Alikuwa ameketi hapo tangu adhuhuri.

Ndani ya mkoba kulikuwa na leso mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Alituonyesha. Alitaka kumfunika nayo dadake kabla jeneza halijafungwa kwa mara ya mwisho.

Kisha shangazi akaleta ugali na kuku. Mluhya hatoki nyumbani kwa watu wakati kuku yuko mezani. Tulipowasha gari ilikuwa saa kumi na robo.

Agosti ya Bungoma

Kuna kitu hatukukipigia hesabu. 2024 ni mwaka usiogawika? La, ni mwaka shufwa, na kila Agosti ya mwaka shufwa Wabukusu wanapeleka wavulana jandoni. Wiki hizo barabara si ya magari peke yake. Kijana anayejiandaa kutahiriwa anazunguka kualika jamaa, amevaa shanga, anapiga njuga, nyuma yake kuna kijiji kizima kinaimba na kukimbia. Ukikutana na msafara kama huo unasimama. Hupigi honi, hujipenyezi. Unangoja.

Tulikutana na misafara upande wa Chwele, tukakutana na mingine Kimilili. Ilikuwa raha kweli, mpiga picha nusura atoke dirishani. Ila saa ilikuwa inakwenda. Tulipogonga lami ya Webuye–Kitale pale Kamukuywa ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo, na mkono wetu wa kushoto Mlima Elgon ulikuwa umeshajifunika wingu jeusi.

Magharibi mwa Kenya mvua ina tabia yake, na wenyeji wanaijua kama ratiba ya matatu. Asubuhi jua linawaka vizuri hadi unajuta kubeba koti. Hewa yenye unyevu kutoka upande wa Ziwa Victoria inapanda, inagonga miinuko, na kuanzia saa tisa hivi inaachilia. Trans Nzoia inapata mvua kuanzia Machi hadi karibu mwisho wa mwaka, ndiyo maana inaitwa ghala la mahindi. Agosti ardhi imeshiba. Huhitaji mvua kubwa kuiharibu barabara ya udongo wakati huo. Ya nusu saa inatosha.

Simu haijui tope

Pale Kamukuywa barabara kubwa inaendelea hadi Kiminini, halafu Kitale mjini, halafu unarudi nyuma kidogo kuelekea Saboti. Ukiangalia kwenye ramani inaonekana kama ujinga: unapanda juu halafu unashuka tena. Simu ikatuonyesha mstari mwembamba unaokata mashambani moja kwa moja. Dakika 45. Barabara kubwa ilikuwa inasema saa moja na dakika kumi.

Kwenye kona kulikuwa na vijana wa bodaboda. Tulisimama kuuliza kama tuko sawa, na mmoja akainama akachungulia chini ya gari letu kabla ya kujibu.

"Buda, hii gari yenu iko chini. Jana lori imelala huko. Pitieni Kiminini."

Binamu akamshukuru, akapandisha kioo, akasema, "Hawa wanataka tuwakodishe." Tukacheka.

Kukhu akasema kutoka nyuma, "Kijana amesema mpite Kiminini."

Na mimi, mimi mwenyewe, nikageuka nikamwambia, "Kukhu, huku tutafika mapema." Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili nikiamini nimeona njia fupi ya maisha, ndiye nilikuwa naeleza watu habari za njia fupi. Kukhu hakujibu. Mtu wa rika lake akishasema mara moja, harudii.

Tangu siku hiyo nimejifunza vile hizi ramani hufanya hesabu. Simu inajua umbali. Inajua mwendo wa simu nyingine zilizopita hapo. Kwenye barabara kuu zinapita simu maelfu, kwa hiyo inakaribia ukweli. Kwenye njia ya mashamba pengine tangu asubuhi imepita simu moja ya mtu wa pikipiki, au haijapita yoyote, kwa hiyo inakisia. Haijui kama ni lami au udongo mwekundu. Haijui kama mvua ilinyesha saa tisa. Yule kijana wa boda alijua yote hayo, na alitupa bure.

Magurudumu manne ya mandazi

Kilomita za kwanza zilikuwa murram nzuri hadi binamu akaanza kuimba. Halafu kokoto zikaisha.

Udongo mwekundu wa miteremko ya Elgon ni mfinyanzi. Ukikauka ni mgumu kama saruji. Ukilowa, juu unateleza kama sabuni na chini unavuta kama gundi. Tairi la gari dogo lina vijia vya kushika barabara, lakini tope hilo linajaza vile vijia vyote baada ya mizunguko michache tu, na sasa huna tairi tena, una mandazi manne. Unageuza usukani kulia, gari linaenda linakotaka.

Shida ya pili ni mifereji. Trekta na malori yakipita kwenye tope yanachimba mifereji miwili mirefu. Magari mengi madogo tunayoyapenda vijana, chini yana nafasi ya sentimita 15 hivi kutoka ardhini. Mfereji wa trekta unaweza kuwa na kina mara mbili ya hapo. Ukiingia humo, tumbo la gari linakaa juu ya tuta la katikati na magurudumu yananing'inia. Hapo hata uwe na injini ya ndege unazungusha hewa.

Ilikuwa saa moja na robo usiku tulipokaa hivyo. Binamu akafanya kile kila mtu hufanya, akakanyaga mafuta. Magurudumu yakalia, tope likaruka hadi kwenye paa, gari likazama sentimita nyingine kumi. Nilishuka na raba zangu nyeupe, hatua ya kwanza nikabaki na moja. Tulisukuma, tukachimba kwa mikono, tukaweka zulia za gari chini ya magurudumu. Kila tukijaribu, tunazama zaidi. Kulikuwa na harufu ya mpira unaoungua.

Wavulana wa kwetu hupakwa litosi, tope la mtoni, alfajiri ya siku ya kutahiriwa. Lakini wao huwa wanaimbiwa. Sisi tulipakwa mwili mzima na hakuna aliyetuimbia. Simu yangu ilikuwa na chaji asilimia 9 na mtandao wa kuokoteza.

Zimeni hiyo gari

Watu wa Nairobi tunafikiri Kenya yote ni joto isipokuwa Limuru. Chini ya Elgon usiku wa mvua ni baridi inayoingia kwenye mifupa. Kukhu alianza kutetemeka. Tukafunga vioo vyote, tukawasha injini na kufungulia hita. Tukajiona wajanja.

Kama saa tatu tukaona tochi inakuja shambani. Alikuwa mzee mmoja, amevaa gamboti na koti la mvua. Hakutusalimia. Alipiga kioo kwa kiganja.

"Zimeni hiyo gari! Bomba la moshi liko ndani ya matope. Mnataka mlale na msiamke?"

Binamu akazima. Tukafungua milango.

Nimesoma juu yake baadaye na mgongo bado hunisisimka. Moshi wa gari una gesi ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Bomba likizibwa na tope, hiyo gesi inaweza kurudi ndani ya gari. Unaanza kuumwa kichwa, unapata usingizi, unadhani ni uchovu wa safari. Tulikuwa watu wanne, vioo vimefungwa. Sisi tuliokuwa na woga wa Salgaa tungemalizwa na hita.

Boma la mzee halikuwa mbali, lakini Kukhu hangeweza kutembea kwenye lile tope gizani, na kumbeba tukiwa tunateleza ilikuwa hatari zaidi. Mke wa mzee akaja na blanketi mbili na chupa ya chai. Walikaa nasi hadi karibu saa sita. Hawakutuuliza kwa nini tulipita huko. Mzee alisema tu kwamba huvuta gari moja au mawili kila wiki wakati wa mvua, na wote humwonyesha simu.

Nataka nikuambie jambo moja la usiku ule. Kukhu alikuwa na baridi. Nilimsikia meno. Lakini leso iliyokuwa kwenye mkoba hakuitoa. Nilimwambia, "Kukhu, jifunike basi na hiyo pia." Akasema, "Hii si yangu."

Mto si dimbwi

Asubuhi jua likatoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Trekta ya jirani ilikuwa imeishiwa na dizeli, ikabidi kijana aende kwa pikipiki kutafuta. Ilifika saa tano. Kutuvuta kutoka mfereji ule, bampa ya mbele ikabaki, ilichukua zaidi ya saa moja.

Mbele yetu, kama mita mia tatu, kulikuwa na kijito kinachoshuka kutoka mlimani. Daraja lake dogo halikuonekana. Yalionekana maji ya rangi ya kahawa na nyasi zilizolala upande mmoja. Binamu, akiangalia saa, akasema maji hayafiki hata magotini, tukipita kwa kasi tunatoka.

Dereva wa trekta alizima mashine yake, akashuka, akasimama katikati ya njia. "Mimi na trekta siendi. Wewe na hiyo unaenda wapi?"

Nilikumbuka video ambayo karibu kila Mkenya aliiona. Desemba 4, 2021, kaunti ya Kitui, basi lililobeba watu wa kwaya na jamaa wakienda harusini lilifika Mto Enziu, karibu na Mwingi. Maji yalikuwa yamefunika daraja. Watu walikuwa wamesimama kando wakitazama. Basi likaingia taratibu, likafika katikati, likaanza kuelekea ubavu, likalala na kuzama. Zaidi ya watu 30 walikufa, wengi kutoka familia moja moja. Lile lilikuwa basi, si gari dogo la kuazima.

Aprili 9, 2024, miezi minne tu kabla ya safari yetu, basi lingine lilinaswa na mafuriko kaunti ya Garissa likielekea Nairobi. Mara hiyo Mungu alisaidia, abiria 51 waliokolewa, wengine wakiwa wamekaa juu ya paa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika 30, gari dogo linaanza kuelea. Yakifika 60, hata magari makubwa ya kifahari yanasombwa. Na ubaya wa maji machafu ni kwamba huoni kama chini bado kuna daraja au limeshakwenda.

Tukageuza. Trekta ikatuvuta hadi murram, na kutoka hapo tukarudi kwenye lami tuliyoikimbia jana. Ilikuwa saa saba na robo. Nilipopata mtandao wa maana na chaji ya gari, nilipiga simu Saboti. Nikaomba watungoje.

Hata mabingwa wamelala matopeni

Kabla hujasema hiyo ni shida ya gari dogo na dereva wa mjini, angalia Safari Rally ya zamani. Ilianza 1953 na kwa miaka mingi ilikuwa ya Pasaka, makusudi, wakati wa mvua za masika. Mwaka 1963 yalianza magari zaidi ya 80. Yaliyomaliza yalikuwa 7. Mwaka 1968 ikawa hivyo tena: 7 tu. Hao ni madereva waliokuwa wamefanya mazoezi, wana mafundi, wana vipuri, wanajua kila kona. Tope halikuwauliza vyeti.

Na kama ndoto yenu ni kupita Kitale kwenda Turkana, ambayo naona vijana wengi wanaitaka kwa ajili ya picha za ziwa, jua kwamba kutoka Kitale hadi Lodwar ni karibu kilomita 300. Kuna msitu na kona za Kamatira ukishatoka Kapenguria, kuna mteremko wa Marich unaokushusha kutoka baridi hadi joto kali, kuna makorongo makavu ambayo yanaweza kujaa kwa dakika chache wakati mahali ulipo hakuna hata wingu. Mvua imenyesha milimani, wewe unapigwa na maji bondeni. Novemba 2019 usiku mmoja wa mvua West Pokot ulileta maporomoko ya udongo yaliyoua zaidi ya watu 40, barabara zikakatika, madaraja yakasombwa, na hata waokoaji wakashindwa kufika kwa urahisi.

Kenya inapoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka. Tunapenda kusema ni matatu, ni trela, ni polisi wa trafiki. Ni kweli, lakini si wote. Wengine ni watu kama sisi, waliochoka, waliochelewa, wanaojiambia ni hapo tu.

Sasa nafanya hivi

Sijaacha kusafiri. Nimebadilisha namna.

Kwanza, napanga safari kuanzia mwisho. Zamani nilikuwa naangalia Nairobi hadi mji mkubwa, zile za mwisho tutajua mbele. Sasa nauliza hizo za mwisho kwanza: ni lami hadi wapi, kuna mto, jana mvua ilinyesha saa ngapi. Nampigia mtu anayeishi huko, si mtu aliyezaliwa huko akahamia Nairobi.

Pili, nauliza watu wawili njiani, na nauliza vizuri. Usiseme "Hii njia inafika?" Njia zote zinafika. Uliza "Leo gari kama hili limepita?" Boda wanajua, dereva wa lori la maziwa anajua, mama wa kibanda pale kwenye kona anajua. Na kama wote wanasema zunguka, zunguka. Hela ya mafuta ya kuzunguka ni ndogo kuliko ya trekta. Sisi trekta ilitula shilingi 4,000, na bampa sijahesabu.

Tatu, magharibi mwa Kenya wakati wa mvua, njia ya udongo ni ya asubuhi. Ikifika saa nane mchana na bado hujaimaliza, lala mjini. Usiku huoni mfereji wala maji, na huko kuna trela za miwa na mikokoteni isiyo na taa.

Nne, kwenye buti kuna koleo dogo, kamba ya kuvutia gari, gamboti, tochi, blanketi, maji ya kunywa na pawabenki iliyojaa. Gurudumu la akiba nalipima upepo kabla sijatoka nyumbani. Ukikwama, shusha watu, punguza upepo wa matairi kidogo, chimba mbele ya magurudumu, weka mawe na matawi, toka polepole. Magurudumu yakizunguka bila kwenda, acha mafuta. Unajizika mwenyewe. Na usiwashe injini kwa ajili ya joto kabla hujaona bomba la moshi kwa macho yako.

Tano, dereva asikae peke yake na uamuzi. Kila mtu ndani ya gari ana haki ya kusema "turudi", na likisemwa halichekwi. Hasa likisemwa na mzee.

Saa nane na dakika arobaini

Kitale Jumamosi kulikuwa na msongamano wa soko. Tulifika Saboti saa nane na dakika arobaini.

Walikuwa wametungoja. Wazee walisogeza ratiba kwa dakika 20, kisha wingu likashuka kutoka mlimani na mhubiri akasema hawawezi kuhatarisha. Tulipoegesha, vijana walikuwa wanapiga udongo wa mwisho kwa migongo ya majembe. Ni udongo ule ule mwekundu uliokuwa kwenye suruali zetu.

Hakuna aliyetugombeza. Mjomba mmoja alitutazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaona mguu wangu mmoja una kiatu na mwingine una soksi, akatikisa kichwa, akaenda kuleta maji ya kunawa.

Kukhu alishuka mwenyewe. Akafungua mkoba, akatoa leso, akaikunjua. Akaitandaza juu ya kaburi, upande wa kichwa, akaishikilia pembe zote kwa mawe madogo ili upepo usiichukue. Akaongea na dadake kwa Kibukusu, polepole, muda mrefu. Mimi Kibukusu changu ni cha salamu tu. Nilielewa neno moja peke yake, alilirudia mara mbili: engila. Barabara.

Matone ya kwanza yakaanza kuanguka juu ya leso. Binamu akaenda kumshika mkono amwingize chini ya hema, akamwambia tuharakishe mvua isije ikatufungia.

"Leo hatuendi popote," Kukhu akasema. "Tutalala hapa. Kesho asubuhi tutapita barabara kubwa."